Nguvu za kiume: Chanzo huwa kwenye sukari, dawa inasakwa kwenye vumbi

RUBAVU

Katika biashara ya mpakani kuna bidhaa zinazotangazwa kwa sauti na nyingine zinazouzwa kwa kunong'ona. Viazi vya Musanze na Nyabihu, sambaza za Ziwa Kivu, nyanya, maziwa na vitenge huitwa kwa majina yake. Dawa ya nguvu za kiume haiitwi. Muuzaji hutazama kulia na kushoto, mnunuzi huinama kama anayefunga kamba za viatu, pesa inatolewa haraka na kipakiti kinaingia mfukoni.

Biashara hiyo haijui mpaka. Unga unaojulikana kama "vumbi la Kongo" umefika hadi masoko ya Dar es Salaam na ya Kenya. Uganda ina mulondo, mzizi ambao magharibi mwa Kenya huitwa mukombero. Kuna vidonge visivyo na karatasi ya maelezo, asali iliyochanganywa na kitu kisichotajwa, na mafuta ya kupaka. Mara nyingi anayezisafirisha bidhaa hizo ndiye pia anayezitumia: mwanaume aliyevuka miaka 40, anayeishi barabarani kati ya Gisenyi, Goma, Kigali na Kampala, na ambaye hakumbuki mara ya mwisho alipopimwa damu.

Katika mnong'ono huo wa muuzaji na mnunuzi kuna swali moja lisiloulizwa: nguvu zimepungua kwa nini?

Swali hilo ndilo ambalo sayansi ya vinasaba imekuwa ikilifanyia kazi kwa miaka ya karibuni, na jibu lake linamhusu moja kwa moja mfanyabiashara wa mpakani. Kwa wanaume wengi, tatizo linaloonekana chumbani lilianza zamani mahali pengine mwilini: kwenye sukari, kwenye presha, kwenye mafuta ya tumboni na kwenye mishipa ya damu. Anayetibu chumba peke yake anaacha moto ukiendelea kuwaka jikoni.

Mshipa mdogo huziba kwanza

Uume hauna mfupa. Kinachousimamisha ni damu. Mwanaume akipata hamu, ubongo hutuma ujumbe kupitia uti wa mgongo na neva. Neva hizo, pamoja na ukuta wa ndani wa mishipa ya damu, hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi. Gesi hiyo huilegeza misuli laini ya mishipa, mishipa hupanuka, damu huingia kwa wingi, na mishipa inayorudisha damu hubanwa ili isitoke. Wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hiyo katika mishipa. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Marekani iliruhusu kidonge cha Viagra, ambacho hufanya kazi kwa kuurefusha muda wa ujumbe wa gesi hiyo.

Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, huuharibu ukuta huo wa ndani wa mishipa, na gesi inayotolewa hupungua. Huharibu pia neva zinazobeba ujumbe. Presha ya juu huikakamaza mishipa. Mafuta ya tumboni nayo hushusha homoni ya testosteroni inayochochea hamu. Ndiyo maana mwanaume mwenye kisukari ana uwezekano zaidi ya mara tatu wa kupata tatizo hili kuliko asiye nacho, na humpata akiwa na umri mdogo zaidi.

Ukubwa wa mishipa nao una maana yake. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina kipenyo cha milimita 1 hadi 2. Ile ya moyo ina milimita 3 hadi 4. Anayepita vichochoro vya Mbugangari kwa mkokoteni na barabara kuu ya Kigali kwa lori anaelewa haraka: taka zikianza kurundikana, kichochoro hufungwa mapema, wakati barabara kuu bado inapitika. Watafiti wa Milan, Italia, walitumia hoja hiyo kueleza kwa nini wagonjwa wengi wa moyo walianza kwa kupungukiwa nguvu za kiume miaka miwili au mitatu kabla ya kifua kuanza kuuma.

Kwa maneno mengine, mwili hutoa onyo. Aliyelipuuza onyo hilo, au akalizima kwa vumbi, amepoteza miaka miwili ya kujiokoa.

Kura inayopigwa kabla ya kuzaliwa

Kwa muda mrefu madaktari walijua kwamba kisukari na upungufu wa nguvu za kiume huonekana pamoja. Kuthibitisha kwamba kimoja huleta kingine kulikuwa kugumu. Wenye kisukari mara nyingi pia ni watu wazima, wenye kitambi, wenye presha, wenye mawazo mengi na wanaotumia dawa mbalimbali. Ni kama mfanyabiashara ambaye mauzo yake yameshuka katika wiki ambayo mvua imenyesha, faranga imeyumba na mpaka umefungwa mapema. Kila jirani atakuwa na sababu yake.

Hapo ndipo vinasaba vinaposaidia. Siku mimba inapotungwa, mtoto hupata nusu ya vinasaba kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama, na mgawanyo huo hufanyika kama kura. Hakuna anayepewa jeni linaloelekea kwenye kisukari kwa sababu alikunywa bia, alikopa pesa au aligombana na mkewe. Kura ilipigwa kabla ya yote hayo. Kwa hiyo watafiti wakiwapata wanaume waliozaliwa na mzigo mkubwa wa jeni za kisukari, wakaona kwamba haohao ndio wanaopungukiwa nguvu zaidi kuliko wengine, wana haki ya kusema kwamba kisukari chenyewe kimechangia.

Hivyo ndivyo walivyofanya watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Exeter, Uingereza, katika kazi iliyochapishwa Januari 2019. Walichunguza vinasaba vya wanaume 223,805 kutoka hifadhi za Uingereza, Estonia na Marekani. Kati yao, 6,175 walikuwa na upungufu wa nguvu za kiume. Matokeo yalionyesha kwamba mwelekeo wa kurithi wa kisukari cha aina ya pili ni mojawapo ya vyanzo vya tatizo hilo. Kiwango cha ongezeko kwa mtu mmoja mmoja si kikubwa, lakini ushahidi ni wa aina ambayo uchunguzi wa kawaida wa hospitali haukuweza kuutoa.

Miezi michache kabla, Oktoba 2018, watafiti wa California walikuwa wametangaza matokeo kutoka kwa wanaume 36,649. Walipata sehemu moja ya vinasaba, karibu na jeni liitwalo SIM1, ambapo tofauti ndogo ya kurithi iliongeza uwezekano wa tatizo kwa asilimia 26. Kazi ya Oxford na Exeter nayo iliangukia eneo hilohilo. Jeni la SIM1 hufanya kazi ndani ya ubongo, katika sehemu inayosimamia njaa, shibe na uzito, na njia hiyohiyo ya ubongo hushiriki katika kuamsha uume. Hata hivyo, watafiti wa California waliona kwamba tofauti hiyo haikupitia kwenye unene. Iligusa nguvu za kiume moja kwa moja.

Hilo lina maana kwa wale wanaojilaumu. Utafiti wa mapacha wa Marekani waliotumikia jeshi wakati wa vita vya Vietnam ulikadiria kwamba karibu theluthi moja ya tofauti kati ya wanaume katika jambo hili inatokana na urithi. Kwa hiyo kuna mwanaume asiye na kitambi, asiyevuta sigara na asiye na deni, ambaye bado atapata shida. Hakurogwa. Hakuadhibiwa. Alipata kura yake.

Homoni nazo zimeingia katika picha hii. Mwaka 2020, uchunguzi wa vinasaba vya watu 425,097 wa Uingereza ulionyesha kwamba wanaume waliorithi kiwango cha juu cha testosteroni walikuwa na hatari ndogo ya kisukari cha aina ya pili. Kwa wanawake ilikuwa kinyume: testosteroni nyingi iliongeza hatari. Sukari na nguvu za kiume, basi, huathiriana kwa pande mbili, kama miji miwili iliyo kwenye mpaka mmoja.

Afrika Mashariki katika hesabu hiyo

Msomaji wa Rubavu anaweza kuuliza: Uingereza na Estonia zinanihusu nini? Swali ni halali. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 78 ya watu wote waliochunguzwa katika tafiti kubwa za vinasaba walikuwa na asili ya Ulaya, na asilimia 2 tu walikuwa na asili ya Afrika.

Lakini kanda hii haikukaa kimya. Mwaka 2019 watafiti waliowachunguza watu 5,231 kutoka Nigeria, Ghana na Kenya walitangaza kupata jeni la ZRANB3, linalohusishwa na kisukari cha aina ya pili kwa Waafrika na linalogusa seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mwaka huohuo, kazi iliyofanywa Kyamulibwa, kusini magharibi mwa Uganda, ilichapisha vinasaba vya watu wapatao 6,400.

Kazi hiyo ya Uganda ina somo la moja kwa moja kwa mtu anayekwenda kupima. Kuna kipimo cha sukari kiitwacho HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Watafiti waligundua kwamba tofauti fulani ya kurithi kwenye chembe nyekundu za damu, iliyoenea katika maeneo ya malaria, hubadilisha majibu ya kipimo hicho. Mtu aliyerithi chembe moja ya selimundu naye anaweza kusomeka chini kuliko hali yake halisi. Anayejua kwamba familia yao ina selimundu anapaswa kumwambia mhudumu kabla ya kutobolewa kidole, ili apimwe pia sukari ya kawaida ya asubuhi kabla ya kula.

Kuhusu ukubwa wa tatizo lenyewe, Tanzania inatoa picha iliyo karibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kutoka Hospitali ya Taifa ya Muhimbili uliwahoji wanaume 312 waliokuwa wakihudhuria kliniki ya kisukari. Zaidi ya nusu walikuwa na upungufu wa nguvu za kiume wa kiwango fulani. Utafiti mwingine, uliofanywa mitaani katika wilaya ya Kinondoni na si hospitalini, ulikuta tatizo hilo kwa karibu mwanaume mmoja kati ya wanne.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika kanda yake ya Afrika walikuwa na kisukari, na kwamba zaidi ya nusu yao hawakujua. Kati ya hao wasiojua wamo wanaume ambao kitu pekee walichokigundua ni kwamba kitandani mambo hayaendi.

Barabara inavyomla msafiri

Kurithi mwelekeo wa kisukari ni kama kurithi duka lenye deni. Mwenye akili huliendesha kwa tahadhari zaidi kuliko mwenzake. Tatizo ni kwamba kazi ya mpakani humlazimisha mtu kufanya kinyume.

Safari huanza usiku ili kuwahi soko. Usingizi ni saa tatu au nne, tena wa kukaa. Kifungua kinywa ni chai yenye sukari nyingi na maandazi mawili. Mchana ni soda baridi na chipsi, au sahani ya ugali mkubwa na mboga kidogo. Jioni, hesabu zikifungwa, kuna mishikaki, ndizi ya kuchoma na bia. Mzigo unabebwa na wengine, yeye amekaa. Baada ya miaka kumi, suruali inafungwa chini ya kitambi, na mtaani wanamwita "bosi". Katika nchi zetu kitambi kimekuwa cheti cha mafanikio. Kwa kongosho ni mzigo.

Hata hivyo, wembamba si kinga. Madaktari wa Uganda wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wapya wa kisukari cha aina ya pili nchini humo hawakuwa wanene. Kwao tatizo kubwa huwa ni kongosho kutoa insulini kidogo. Mwanaume mwembamba anayejiambia kwamba sukari ni ugonjwa wa matajiri anajidanganya.

Na si kila upungufu wa nguvu ni sukari. Mji unaoishi na habari za vita upande wa pili, mtaji uliokwama, deni la kikundi na hofu ya kesho vinatosha kumzima mwanaume mzima wa afya. Dawa nyingine za presha nazo huchangia, lakini anayezitumia hatakiwi kuziacha mwenyewe, bali amwombe daktari ambadilishie. Kuna dalili ya kusaidia kutofautisha. Mwanaume ambaye bado huamka asubuhi uume ukiwa umesimama, lakini akishindwa akiwa na mwenza, mara nyingi ana tatizo la mawazo. Yule ambaye hata asubuhi hapati, na hali imekuja polepole kwa miezi, anapaswa kushuku mishipa na neva. Usiku mmoja wa kushindwa si ugonjwa. Madaktari huhesabu tatizo likidumu miezi mitatu au zaidi.

Kilicho ndani ya kipakiti

Wanaouza unga na mizizi husema ni asili tupu. Tatizo ni kwamba mnunuzi hana njia ya kujua. Mamlaka za dawa katika nchi nyingi zimekuta bidhaa zinazoitwa za asili zikiwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili, yaani dawa iliyomo ndani ya Viagra. Ndiyo sababu baadhi ya "mizizi" hufanya kazi ndani ya saa moja.

Sildenafili yenyewe ni dawa nzuri ikiandikwa na daktari. Lakini mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti za kutuliza maumivu ya kifua, akimeza sildenafili bila kujua, presha yake inaweza kuporomoka ghafla hadi kufa. Na uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kulala, hiyo ni dharura ya hospitali, si sifa ya kuwasimulia wenzake.

Kisa kibaya zaidi kilitokea Singapore. Kati ya Januari na Mei 2008, watu 150 wasio na kisukari walifikishwa hospitalini sukari yao ikiwa imeshuka kupita kiasi. Uchunguzi uliwapeleka kwenye dawa za nguvu za kiume zilizouzwa kinyemela. Ndani yake kulikuwa na glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, kwa kiwango kikubwa. Watu saba walipoteza fahamu kwa muda mrefu na wanne walikufa. Walikwenda kununua nguvu wakauziwa dawa ya kisukari ambacho hawakuwa nacho.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, karibu bidhaa moja kati ya kumi za tiba ni duni au bandia. Mfanyabiashara anayekubali kubeba vidonge visivyo na nembo kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine anapaswa kujua kwamba mzigo huo unaweza kumuua mteja, na kumfikisha yeye mahakamani.

Kamba, mashine na namba ya 18

Kipimo cha kwanza hakihitaji hospitali. Chukua kamba, ipime toka unyayoni hadi utosini, kisha ikunje katikati. Kamba hiyo iliyokunjwa inatakiwa kuzunguka kiuno usawa wa kitovu na miisho yake ikutane. Isipofika, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na hatari ya sukari na moyo imeongezeka.

Cha pili ni presha. Ikisomeka 140 kwa 90 au zaidi, zaidi ya mara moja na kwa siku tofauti, ni ya juu.

Cha tatu ni sukari ya asubuhi kabla ya kula. Hapa msafiri wa mpakani anahitaji umakini, kwa sababu mashine hazisomi kwa kipimo kimoja. Nyingine huandika milimoli, nyingine miligramu. Kisukari huhesabiwa kuanzia milimoli 7.0, ambayo ni sawa na miligramu 126. Wanaobadilisha pesa wataelewa: milimoli moja ni miligramu 18, na kiwango hicho hakipandi wala hakishuki. Aliyepimwa Kampala akaambiwa 9, kisha akapimwa mahali pengine akaambiwa 162, hajazidiwa. Ni namba ileile kwa sarafu nyingine. Kwa HbA1c, kisukari huanzia asilimia 6.5. Mtu asiye na dalili hurudiwa kipimo siku nyingine kabla ya kuambiwa ana kisukari.

Kipimo cha nne ni cha mdomo, na ndicho kigumu. Ni kumuuliza baba, baba mdogo au shangazi: katika ukoo wetu nani alikuwa na sukari, nani alikatwa mguu, nani alianguka ghafla? Mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja ana kisukari cha aina ya pili yumo katika hatari ya mara mbili hadi tatu kuliko wengine. Hiyo ndiyo taarifa ya vinasaba ambayo kila familia inayo bure. Kuuza kuku ili kulipia kipimo cha jeni hakuna faida. Hakuna kipimo cha jeni ambacho leo kinamwambia mwanaume wa Rubavu kama atapungukiwa nguvu, na anayekitangaza anatafuta pesa.

Kura si hukumu

Habari njema inatoka Naples, Italia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wanaume 110 wanene wenye upungufu wa nguvu za kiume, lakini wasio na kisukari wala presha, waligawanywa makundi mawili ya watu 55. Kundi moja lilipewa maelekezo ya kina ya kupunguza uzito na kufanya mazoezi. Jingine lilipewa ushauri wa jumla. Baada ya miaka miwili, wanaume 17 katika kundi la kwanza walikuwa wamerudi katika hali ya kawaida. Katika kundi la pili walikuwa watatu. Hakuna aliyepewa vumbi.

Si wote waliopona, na hilo lisemwe wazi. Aliyekaa na sukari ya juu kwa miaka kumi huenda neva zake zisirudi kama zamani. Lakini hata huyo ana njia. Kuna vidonge vya hospitali, kuna vifaa vya kusaidia, kuna ushauri wa wenza. Na kila hatua ya kushusha sukari na presha inayalinda pia macho, figo na moyo.

Kwa mtu wa mpakani mabadiliko huanza na vitu vidogo. Maji badala ya soda. Ugali nusu, maharage na mboga za majani mara mbili. Sambaza zisizojaa chumvi. Bia ya siku moja moja. Sigara kuacha kabisa, maana moshi hukaza mishipa ileile inayotakiwa kulegea. Kutembea nusu saa kwa siku, jambo ambalo ufukwe wa Kivu unalialika. Kigali imekuwa na siku za kufunga barabara kwa magari tangu 2016, watu wakifanya mazoezi na kupimwa magonjwa yasiyoambukiza bila malipo. Vituo vya afya viko katika tarafa, washauri wa afya wako vijijini, na bima ya Mutuelle ipo. Anayeogopa kukutana na jirani kwenye foleni anaweza kupimia mji mwingine ambako safari humpeleka.

Mke naye ana nafasi

Wengi wa wanaovuka Petite Barrière na mizigo kila siku ni wanawake. Nao wanahusika. Mara nyingi mke ndiye wa kwanza kuona kwamba mume anakunywa maji sana, anaamka usiku mara nne kukojoa, amepungua mwili na amejitenga kitandani. Akidhani ana mwanamke mwingine, nyumba itavunjika kwa ugonjwa ambao mashine ndogo ingeuona kwa dakika moja. Akimwambia, "Twende tukapime wote, nami sijapima," amemwondolea aibu bila kumdhalilisha. Naye anapaswa kupima kweli, hasa kama aliwahi kuwa na sukari wakati wa ujauzito.

Tena watoto wa kiume wa nyumba hiyo wamerithi sehemu ya kura ya baba yao. Baba anayesema ukweli kuhusu sukari yake anawapa wanawe miaka ya kujiandaa. Anayekufa na siri anawaachia ugonjwa bila maelezo.

Mpaka uliwahi kuweza

Mwezi Julai 2019, mgonjwa wa Ebola alipogundulika Goma, makumi ya maelfu ya watu waliokuwa wakivuka kila siku walipita kwenye mabomba ya kunawia mikono na mbele ya vipima joto. Mwanamke mwenye kapu la nyanya, kijana wa chukudu, mlemavu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu iliyojaa mzigo, ofisa mwenye tai, wote walipimwa. Baadaye ilikuja korona, na wafanyabiashara wakajifunza kukusanya mizigo kwa vikundi ili biashara isife. Kupimwa hakukuwa aibu kwa sababu kila mtu alipimwa.

Vikundi na vyama vya ushirika vilivyozaliwa au kuimarika wakati huo bado vinaweza kutumika. Kikundi cha watu 20 kinachochangiana mtaji kinaweza kuchangiana pia siku moja kwa mwaka: mhudumu wa afya aalikwe kwenye mkutano, kila mmoja apimwe presha, kiuno na sukari kabla ya kunywa chai, na namba ziandikwe kwenye kadi ya kila mtu. Kikundi kinachojua kwamba mwanachama akianguka deni lake huwabakia wenzake kina sababu ya kibiashara ya kufanya hivyo, hata kabla ya kutaja upendo.

Mwanaume ambaye nguvu zake zimepungua kwa zaidi ya miezi mitatu hana haja ya kulieleza hilo mbele ya kikundi. Amwambie mhudumu wa afya, faraghani, kwa sentensi moja, na aombe kupimwa sukari, presha na mafuta ya damu. Wahudumu husikia sentensi hiyo mara nyingi kuliko anavyodhani. Ni rahisi kuisema leo kuliko kumsubiri daktari wa moyo aiulize.